Kuhariri Bila Uhuru: Kwa Wenye Studio za Picha wa Kamembe

Mama mmoja aliingia katika studio ya picha hapa Kamembe akiwa ameshika bahasha ya kaki kwa mikono miwili. Nilikuwa nimeketi kwenye benchi, nikingoja picha za pasipoti za wanafunzi wangu wawili. Alimwamkia mwenye studio, kisha akamkumbusha kwamba miaka mitatu nyuma alimletea picha ya marehemu mama yake, picha pekee iliyosalia katika ukoo baada ya 1994, ikiwa imeliwa na maji pembeni na kuchanika katikati ya uso. Kijana aliitengeneza ikapendeza. Aliuziba ufa, akaurudisha ukingo wa kitenge uliokuwa umefifia, akaichapisha kwa ukubwa wa kutundikwa ukutani. Sasa paa la nyumba lilikuwa limevuja. Ndani ya bahasha mlikuwa na karatasi mbili, ya zamani na mpya, zimegandamana zisitenganishike.

"Mwanangu, nitolee nyingine," alisema.

Kijana akaitafuta kwenye kompyuta. Jina la faili lilikuwapo, na tarehe ilikuwapo, lakini mwishoni mwa jina palikuwa pameongezwa herufi nne ambazo yeye hakuziandika, na kila alipobofya faili halikufunguka. Arusi, ubatizo, kipaimara, mazishi, kazi ya miaka sita, yote yalikuwa vivyo hivyo, na katika kila folda palikuwa na barua fupi ya Kiingereza iliyodai dola. Nilikuja kuelewa baadaye kwamba alikuwa na habari ya msiba huo tangu siku nne nyuma. Alitafuta kwa sababu hakujua aanzeje kusema.

Mama aliuliza kama hakuna namna. Akaambiwa hakuna. Akaikunja bahasha, akaaga vizuri, akatoka.

Balaa hilo liliingiaje? Liliingia kwa mlango ambao wengi wetu tumeuacha wazi. Kijana alikuwa akitumia nakala ya wizi ya programu ya kuhariri picha, ile ambayo vijana huiita kraki, yaani programu iliyovunjwa kufuli la leseni ili itumike bila kulipiwa. Nakala ya zamani ilipogoma, akapakua nyingine. Maelezo yake yalimtaka kwanza azime programu ya kuzuia virusi. Akazima. Mlinzi aliombwa aondoke langoni, na mwizi akaingia kwa raha zake. Kuna jamii ya virusi iitwayo STOP, au Djvu, inayojulikana tangu 2018. Huyafunga mafaili ya mtu kwa ufunguo asioujua, kisha humdai fedha, na njia yake kuu ya kusambaa ni hizi programu za kraki. Haihangaiki na benki kubwa zenye wataalamu. Huwawinda watu wa aina ya huyu kijana.

Juma lililofuata alinijia nyumbani. Nilimfundisha Kiswahili zamani, na bado huniuliza mambo ambayo hayamo katika silabasi. "Mwalimu," aliniambia, "kompyuta nimeifuta yote. Sasa naanza upya. Nirudi kwenye kraki, nilipe kodi ya kila mwezi, au nihamie programu nyingine?" Nilimwambia ahame. Niliposimulia jibu langu katika chumba cha walimu nilishambuliwa kutoka pande zote, nami sikupata nafasi ya kumaliza sentensi hata moja. Makala haya ni zile sentensi zilizokatizwa.

Hoja ya kwanza niliyotupiwa ni hii: kumwibia tajiri wa California si kosa, maana maskini naye ana haki ya kufanya kazi. Ni hoja tamu, na naikubali nusu yake, ile inayosema maskini ana haki ya kufanya kazi. Nami si mtakatifu. Kwa miaka kadhaa nilitengeneza mabango ya Siku ya Kiswahili, ile ya tarehe 7 Julai, kwa programu ya wizi niliyopewa kwenye flashi, na juu ya mabango hayo niliandika maneno mazuri kuhusu utu na heshima. Sheria ya Rwanda ya haki miliki huzilinda programu za kompyuta kama inavyovilinda vitabu. Nilikuwa nikiivunja huku nikifundisha uraia.

Lakini tuiweke sheria kando kidogo, kwa kuwa wapinzani wangu hawaiogopi. Nawauliza: je, ni kweli kwamba tajiri anaumia? Mwaka 1998 Bill Gates, akizungumza katika Chuo Kikuu cha Washington, aligusia wizi wa programu nchini China. Alisema kwamba maadamu watu wataiba, afadhali waibe zile za kampuni yake, kwa kuwa watazizoea kama mraibu anavyozoea, na kampuni itatafuta baadaye njia ya kukusanya fedha. Yalikuwa maneno ya mfanyabiashara anayejua hesabu. Kila kijana wa Kamembe anayejifunza kazi kwa nakala ya wizi ni mteja anayelelewa bila gharama. Vidole vyake huzoea vitufe vya bidhaa moja, mafaili yake huhifadhiwa kwa muundo wa bidhaa moja, tangazo la kazi humtaka ataje bidhaa moja, na siku kufuli litakapokuwa imara kuliko wavunjaji, hatakuwa na pa kwenda ila dukani. Anadhani anamwibia tajiri, kumbe anamfanyia kazi ya kumtangaza bila ujira. Na virusi vikiingia, anayepoteza ni yeye na mama mwenye bahasha.

"Basi alipe," alisema mwenzangu mwingine, mtu mwaminifu asiyependa ujanja. Hii ndiyo hoja ninayoiheshimu zaidi, kwa hiyo nitakaa nayo.

Photoshop ilizaliwa mikononi mwa mwanafunzi. Thomas Knoll alikuwa akisomea shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Michigan alipoanza kuiandika mwishoni mwa miaka ya 1980, akasaidiwa na ndugu yake John, na kampuni ya Adobe ikaitoa sokoni mwaka 1990. Kwa zaidi ya miaka 20 iliuzwa kama jembe linavyouzwa. Bei ilikuwa kali, lakini ukishalipa, jembe ni lako, ulilimie mpaka mpini uoze. Mwezi Mei 2013 kampuni ilitangaza kwamba matoleo mapya yote yatakodishwa tu. Tangu hapo hakuna anayenunua Photoshop mpya, watu wote ni wapangaji. Kwa bei ya Marekani, programu hiyo peke yake ni zaidi ya dola 20 kwa mwezi. Dola moja ikiwa zaidi ya faranga 1,400, studio ya mtu mmoja hutakiwa kutenga karibu faranga 30,000 kila mwezi kabla haijalipia pango la chumba, umeme, wino na karatasi. Zaidi ya hayo, hutakiwa kuwa na kadi ya benki inayokubaliwa ng'ambo, katika mji ambapo wengi wetu hulipana kwa simu, na kompyuta iunganishwe na intaneti mara kwa mara ili programu ijithibitishie kwamba mpangaji hajakimbia.

Nitakuwa mwadilifu. Mwenye studio kubwa Kigali, anayetengeneza matangazo ya makampuni, anaweza kulipa kodi hiyo kwa kazi ya asubuhi moja, na simlaumu. Ninamsemea yule ambaye mapato yake ni picha za pasipoti na arusi za Jumamosi. Huyo akikosa wateja mwezi mmoja, kama ilivyo kawaida ya biashara yetu, anafungiwa zana yake ya kazi. Seremala akifilisika hubaki na randa yake.

Tena fedha si jambo zito kuliko yote. Sisi watu wa Rusizi tunajua jambo moja ambalo mtu wa katikati ya nchi huenda asilijue mwilini mwake: maana ya kutegemea daraja ambalo ufunguo wake uko kwa mwingine. Machi 2020 mpaka ulifungwa kwa sababu ya korona, na watu waliokuwa wakivuka kila alfajiri na sambaza, unga na mboga kwenda Bukavu walisimama upande huu wakiutazama mji ule, ng'ambo ya maji membamba tu. Hawakuwa wamekosea lolote. Uamuzi ulikuwa wa afya, na huenda ulikuwa sahihi, lakini haukuwa wao.

Basi msikilize habari ya Venezuela. Oktoba 2019 Adobe iliwatangazia wateja wake wa nchi hiyo kwamba akaunti zao zote zitafungwa kabla ya mwezi kwisha, kwa sababu ya amri ya Rais wa Marekani ya kuiwekea vikwazo serikali yao. Mpiga picha aliyelipa na mchoraji aliyelipa waliwekwa kapu moja na serikali ambayo pengine hata hawakuipigia kura. Mwanzoni waliambiwa hata fedha hazitarudishwa. Mwishoni mwa mwezi kampuni ilipata kibali maalumu na huduma ikaendelea. Wengine husema: unaona, mambo yaliisha salama. Mimi naona kwamba kwa majuma matatu riziki ya watu ilining'inia kwenye karatasi iliyotiwa saini Washington. Wale walikuwa wamelipa kodi yao yote, bila kuiba chochote.

Juni 2024 kampuni hiyohiyo iliwataka wateja wakubali masharti mapya kabla ya kuendelea kutumia programu. Masharti yalisema kwamba inaweza kuyafikia yaliyomo katika kazi zao, kwa mashine au kwa macho ya watu. Kelele zikapigwa dunia nzima, kampuni ikaeleza kwamba haifundishi akili mnemba yake kwa kazi za wateja, ikayaandika masharti upya kwa lugha iliyo wazi zaidi. Na mwezi huohuo Tume ya Shirikisho ya Biashara ya Marekani iliishtaki mahakamani, ikidai kwamba ilificha ada anayotozwa mteja anayetaka kujitoa mapema katika mkataba wa mwaka. Sitaki kuihukumu kampuni hiyo hapa, mahakama zipo. Ninachotaka mwanafunzi wa uraia akitazame ni umbo la mkataba wenyewe. Upande mmoja unaweza kubadilisha masharti usiku, na upande wa pili una hiari ya kubofya "nakubali" au kuacha kazi.

Sasa fikirini nyuso zilizomo katika kompyuta ya studio. Sura ya mteja ni taarifa binafsi, na Rwanda ina sheria ya mwaka 2021 ya kulinda taarifa binafsi na faragha, inayotaka taarifa hizo zihifadhiwe ndani ya nchi isipokuwa mwenye kuzishika awe na kibali cha mamlaka husika. Mpiga picha anayebofya kitufe kinachopeleka uso wa bibi harusi kwenye seva za mbali ili ngozi ilainishwe, je, amewahi kumwuliza bibi harusi? Sijaona hata mmoja akiuliza. Nami niliyekuwa nikifundisha sheria hiyo darasani sikuwahi kuuliza picha za wanafunzi wangu zimekwenda wapi.

Nimefika kwenye hoja ya tatu, ambayo ndiyo iliyonifanya niandike kama mwalimu wa lugha badala ya kunyamaza. "Programu ya bure haifai kitu," waliniambia. Na kwa Kiswahili sentensi hiyo ina mtego ndani yake.

Neno *bure* hubeba mizigo miwili. La kwanza ni kutolipiwa: nimepewa bure. La pili ni kutokuwa na faida: kazi bure, mtu bure. Msikilizaji anaposikia "programu ya bure", mzigo wa pili humwangukia kabla hajafikiri. Lakini sisi tuna neno jingine, nalo ni *huria*. Soko huria si soko la kugawa vitu bila malipo, ni soko lisilofungwa. Kiingereza kina neno moja tu kwa mambo hayo mawili, na waandishi wake hulazimika kueleza kila mara wanakusudia lipi. Kinyarwanda nacho kina zawadi yake: tunasema *ku buntu* kwa kitu kisicholipiwa, na *ubuntu* ni utu na ukarimu. Mwaka 2004, mfumo wa kompyuta ulioanzishwa na mtu wa Afrika Kusini ulipopewa jina la Ubuntu, Mnyarwanda hakuhitaji mfasiri.

Programu huria ni ile ambayo leseni yake inakuruhusu kuitumia kwa kazi yoyote, kuisoma ilivyoandikwa, kuibadilisha na kumgawia jirani. Programu ya bure tu ni kitu kingine. Picasa ya Google ilikuwa bure, watu wengi wakapanga humo picha za familia zao, na mwaka 2016 Google ikaisitisha. Affinity iliyotengenezwa Uingereza iliuzwa kwa malipo ya mara moja, ikanunuliwa na Canva mwaka 2024, na mwaka uliofuata ikawa bure kwa yeyote mwenye akaunti ya Canva. Ni programu nzuri, sikatai. Lakini aliyeifanya bure Oktoba anaweza kuilipisha Machi, na mtumiaji hatakuwa na la kusema. Wahenga walishasema kwamba nguo ya kuazima haisitiri matako, na mniwie radhi, methali si yangu.

Kuna jambo moja zaidi kuhusu maneno, nalo hunifurahisha kila ninapolifundisha. Kitenzi *kuhariri* kimetoka Kiarabu, katika mzizi uleule uliotupatia *huru*. Kwa Waarabu *tahrir* ni kukomboa, na ni kuhariri pia: kulitoa andiko katika makosa yake, kuliachia lisimame. Hivyo mtu anayehariri kwa zana iliyofungwa kamba mguuni anafanya kitendo ambacho neno lenyewe linakikataa. (Hariri ya kitambaa ni habari nyingine, msichanganye kwenye mtihani.)

Programu niliyomshauri kijana ni GIMP. Nayo ilizaliwa mikononi mwa wanafunzi: Spencer Kimball na Peter Mattis wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, waliianza mwaka 1995. Tofauti ni kwamba hii haikuuzwa kwa mtu. Imetunzwa na watu wa kujitolea kwa miaka 30 chini ya leseni iitwayo GPL, ambayo haimruhusu yeyote kuifunga. Ukiipakua mara moja, hufanya kazi bila intaneti. Ukimgawia mwenzako kwenye flashi hujaiba, umetimiza kusudi la leseni. Biashara ile ya flashi inayofanyika kwa kificho mjini kwetu ingeweza kufanyika mchana, mezani, mbele ya askari.

Je, ina kasoro? Inazo, na wanaoisifu bila kuzitaja humpotosha mgeni, ambaye huihama baada ya siku mbili kwa hasira. Kwa miaka mingi mabadiliko mengi uliyoyafanya katika GIMP yaliingia moja kwa moja kwenye picha, na ukitaka kurekebisha baadaye ulianza upya. Toleo la 3.0, lililotoka Machi 2025 baada ya kungojwa mno, ndilo lililoleta vichujio unavyoweza kuvirudia na kuvibadilisha. Kwa rangi za mitambo mikubwa ya uchapaji bado ni dhaifu. Faili la Photoshop lenye matabaka mengi likifunguliwa humo, baadhi ya vitu huvurugika. Na vitufe havipo pale vidole vilipovizoea. Kijana aliniambia kwamba siku ya kwanza alijisikia kama mtu aliyehamia nyumba mpya na usiku anapapasa ukuta akitafuta swichi ya taa. Kupunguza picha ya pasipoti kwa vipimo, kazi aliyokuwa akiifanya kwa dakika moja, kulimchukua dakika 20.

Lakini tumwulize mpinzani: studio ya Kamembe hufanya kazi zipi? Hukata picha kwa vipimo, hung'arisha sura iliyopigwa gizani, hufuta chunusi, hubadilisha mandhari ya nyuma, huziba ufa wa picha ya zamani, hupanga albamu ya arusi. Hakuna hata moja katika hizo inayoshindikana kwa programu huria. Kwa arusi yenye picha 800 zinazohitaji kurekebishwa mwanga kwa pamoja, ipo darktable, nayo huria. Hao wanaosema haifai, wengi wao niliowauliza hawajaifungua. Wamesikia ni ya bure, neno likawafanyia kazi.

Na kuna wanaouliza kwa nini kijana ajisumbue na brashi ilhali akili mnemba inaweza kuikamilisha picha iliyoharibika kwa sekunde. Kwa picha ya tangazo la soda, sina neno. Kwa picha ya marehemu, nina neno kali. Palipochanika usoni mashine haijui palikuwa na nini. Huotea kwa kufuata nyuso nyingine ilizolishwa. Itakupa jicho zuri, shavu laini, na mwanamke mpya ambaye hakuzaliwa Cyangugu wala kwingineko. Mjukuu atakua akidhani ndiye bibi yake. Anayeziba ufa kwa mkono naye hukisia, lakini hukisia akiwa na binti wa marehemu pembeni anayemwambia, "Hapana, nyusi zake hazikuwa hivyo."

Nisiseme uongo mahali ambapo ukweli unaniumiza: GIMP peke yake isingeiokoa picha ya mama yule. Ingelikuwapo nakala ya pili kwenye diski iliyotengwa na kompyuta, picha ingepona hata chini ya kraki. Kwa hiyo kijana ahame, lakini awe na diski mbili. Ahifadhi kazi iliyokamilika kwa muundo ulio wazi kama TIFF au PNG, unaofunguliwa na programu yoyote ya leo. Kila mteja wa picha ya ukumbusho aondoke na faili lake mwenyewe mkononi. Studio za zamani zilitunza filamu kwenye makasha, na filamu haikuhitaji ruhusa ya aliyeitengeneza ili isafishwe tena. Ukiishika juani uliona sura. Hatuwezi kurudi huko, ila tunaweza kudai kwamba faili liwe na adabu kama ile ya filamu.

Lawama yangu kubwa, hata hivyo, siielekezi kwa vijana wa studio. Naielekeza kwetu sisi walimu. Darasani hatufundishi kuhariri picha, tunafundisha bidhaa, na mara nyingi tunaifundisha kwa nakala ya wizi, huku ukutani kumebandikwa kanuni za maadili. Kisha tunashangaa kijana akifungua duka na kuendelea na tulichompa. Shule inayotumia programu huria inaweza kumpa kila mwanafunzi nakala ya kwenda nayo nyumbani bila kumfundisha uhalifu. Haihitaji bajeti kwa hilo. Inahitaji mwalimu aliye tayari kupapasa swichi mbele ya wanafunzi wake kwa juma moja.

Na msiniambie kwamba programu huria ni mambo ya Wazungu. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi inayozungumza Kiswahili, na ili kuikamilisha wataalamu wake walilazimika kukaa na kuamua istilahi moja moja. Waliweza kwa sababu programu ile ilikuwa huria. Hawakuhitaji kupiga hodi kwa mwenye kampuni kuomba lugha yetu ikubaliwe. Ndani ya GIMP pia mna tafsiri ya Kinyarwanda iliyoanzwa zamani na haijakamilika. Ninyi mnaojifunza Kiswahili katika nchi ambayo imekifanya lugha rasmi tangu 2017, mnaoniuliza kila muhula mtakitumia wapi nje ya mtihani, hapo pana kazi. Neno *tabaka* limekubalika. Je, kile kifaa cha kuziba ufa tukiiteje? Nimependekeza *kiponya*. Kijana anapendelea *kiraka*. Mnaweza kuniandikia.

Studio imefunguliwa tena. Picha ya pasipoti sasa humchukua dakika tatu. Amenunua diski mbili kwa mkopo wa kikundi, na moja huilaza nyumbani kwa dada yake.

Mama mwenye bahasha alirudi. Binamu yake wa Bugarama alikuwa na picha ya simu iliyopigwa katika sherehe ya familia mwaka juzi, na nyuma ya watu waliosimama, ukutani, kushoto, ile picha ya marehemu inaonekana imening'inia, ndogo kama ukucha wa kidole gumba, imeinama upande na kumulikwa na taa. Kijana ameikata, ameinyoosha, na sasa anaikuza kidogo kidogo. Jumamosi alimwita mama aje akae kando yake. Nilipopita jioni walikuwa wamemaliza kitenge, wamefika kwenye nyusi, na hawajakubaliana.